Kumpandisha Mama Kilima

Ukitokea Ushirombo, kabla hujafika kwetu, kuna kilima. Si kirefu cha kutisha, ila kimesimama, na njia yake ni ya mawe na makorongo ambayo mvua huyachimba upya kila masika. Pikipiki ya baba haikuweza kukipanda ikiwa na watu wawili. Kwa hiyo tangu nilipopata akili nilimwona mama akishukia pale chini. Baba alisimama, mama alijifunga khanga yake vizuri, akachukua kikapu, akasema, "Tangulia, baba," naye akatangulia. Tulisikia injini ikilia mpaka juu kama kitu kinachokokotwa, halafu kimya. Kule juu baba alizima na kumsubiri. Mama alipanda kwa miguu, polepole, akisalimiana na wanaoteremka, na akifika alikaa tena nyuma yake wakaenda nyumbani. Sisi watoto tulipopakiwa tulishuka pamoja naye. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.

Baba alikuwa bwana mifugo. Alizaliwa Samuye kwa wafugaji, kazi ikamleta Bukombe, akamwoa mama, Msumbwa wa huko huko, naye hakuondoka tena. Pikipiki alipewa kazini. Ilikuwa ya Kijapani, ya stroki mbili, zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili kabla ya kutiwa tangini, na moshi wake ni wa buluu na una harufu tamu kidogo. Utotoni nilidhani hiyo ndiyo harufu ya baba, hiyo na ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alipostaafu aliuziwa kama chakavu. Vijana wote walipohamia kwenye pikipiki mpya za stroki nne, yeye aliendelea kupima oili yake kwa kifuniko na kutikisa dumu.

Mimi ndiye niliyemshikia spana. Kaka zangu walipenda ng'ombe. Mimi nilipenda kuona ndani ya vitu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda chuo cha ufundi nikajifunza kukereza vyuma, na sasa miaka mingi niko kwenye karakana moja hapa Nyahanga, Kahama. Kazi yetu kubwa hutoka kwa wachimbaji: shafti za makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, bushi zilizolika, puli za pampu. Mteja mgeni akiingia huniuliza fundi yuko wapi. Nimezoea. Namwonyesha benchi akae, halafu nachukua kipande chake mkononi na kuanza kukipima.

Mama alianza kuugua kwa kuchoka. Alisema kilima kimeongezwa. "Hiki kilima wamekiongeza usiku tukiwa tumelala," aliniambia siku moja nilipokwenda likizo, akicheka, amekaa juu ya jiwe katikati ya njia, kikapu kikiwa miguuni. Nilicheka pia. Baadaye akawa anakaa kwenye kila jiwe. Kisha miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Hospitalini daktari alimpima kwa muda mrefu, akatuita mimi na baba pembeni, akatueleza kwamba moyo wake umepanuka na umelegea, hauna nguvu ya kusukuma damu. Dawa zipo na zitampa nafuu. Hakusema zitamponya. Alisema aje kliniki bila kukosa, asibebe maji, asilime, asipande mlima.

"Asipande mlima," baba alirudia tulipotoka nje.

Siku ile mama alikipanda kilima kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mimi nilimshika mkono. Ilituchukua mchana mzima. Kule juu tulimkuta baba amesimama, hakuwa amekaa kama kawaida yake, na usoni alikuwa kama mtu aliyepigwa.

Tulijaribu mambo mengine. Magari ya kukodi hayakuitaka njia yetu, na barabara ya kuzunguka bondeni ikinyesha hufungwa na maji. Tukamkodi kijana wa bodaboda mwenye pikipiki mpya. Alikuwa kijana mstaarabu, alimwamkia mama vizuri, akaendesha taratibu. Lakini mama akikosa pumzi ilimlazimu kuegemea mbele, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mtoto wa watu, umri wa wajukuu zake. Aliona haya kumlalia mgongoni. Akajizuia, akashikilia chuma cha nyuma, na kwenye korongo mikono ikamwishia nguvu akaanguka. Alichubuka kiwiko tu. Kijana alilia kuliko yeye. Tangu hapo mama alikataa bodaboda, bila ugomvi, kwa sauti yake ile ile ya kawaida.

"Mimi nimezoea mgongo mmoja," alisema.

Wiki ile ile baba akaja Kahama. Nilikuwa kwenye mashine, nikaisikia pikipiki yake kabla sijaiona, maana hapa mjini hakuna tena inayolia vile. Nilizima mashine, nikanawa mikono, nikamtokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa Kisukuma, mama. Alikunywa maji niliyompa, akaniulizia afya, akawaulizia majirani wa karakana mmoja mmoja. Ndipo akasema, "Nimekuja unipunguzie hedi."

Nilimwelewa mara moja. Hedi ni kile kifuniko cha chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya silinda, plagi imesimama katikati yake. Uso wake wa chini ukikwanguliwa, nafasi iliyo juu ya pistoni hupungua. Petroli na hewa hubanwa zaidi, na zikilipuka husukuma kwa nguvu zaidi. Ni jambo la zamani. Mafundi wa vijijini walilifanya kwa kusugua hedi juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo, wakisugua asubuhi mpaka jioni. Kwa mashine ni kazi fupi. Lakini ina gharama yake: injini inayobanwa hivyo huchemka, na ikichemka sana pistoni huyeyuka katikati, ikatoboka.

"Tubadilishe sproketi ya mnyororo kwanza," nikasema. "Tuweke kubwa nyuma, ipungue mbio iongeze nguvu."

"Nimeshaweka. Inafika nusu."

"Baba, injini hii ni kuukuu. Nikiibana namna hiyo haitadumu."

Alikuwa amevua kofia, ameiweka gotini, anaifuta vumbi kwa kiganja. "Mayu," akasema, "siombi idumu. Naomba ipande."

Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amesema kwa mdomo kwamba mama hatakaa nasi sana. Daktari hakulisema, kaka zangu hawakulisema, mimi mwenyewe nilikuwa nalizunguka. Baba ndiye aliyelisema, na alilisema kwa njia ya injini kwa sababu kwa njia nyingine lisingetoka. Nilikwenda nyuma ya karakana nikajifanya natafuta spana.

Alifungua nati mwenyewe. Alitaka mikono yake iwepo. Tuliikwangua hedi masizi meusi ya miaka yote ile, tukaiosha kwa petroli mpaka alumini ikaonekana. Huwezi kuibana hedi kwenye mashine hivi hivi, mapezi yatavunjika na haitakaa sawa. Nilikereza kipande cha chuma, nikakikata uzi wa skrubu ulio sawa na wa plagi, nikaifunga hedi hapo kama plagi inavyofungwa, kisha nikakibana kile chuma kwenye mashine. Nikaizungusha taratibu kwa mkono nione kama inayumba. Ilitulia. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono katikati ya magoti.

Nilianza kukata. Alumini haina kelele kama chuma. Inatoka laini, nyepesi, inang'aa, inanasa mikononi. Nilikata kidogo mno, karibu na bure, nikasimamisha. Tukairudisha hedi juu ya silinda, nikaingiza waya wa risasi, ule laini wa mafundi redio, kupitia tundu la plagi, nikamwambia baba azungushe injini kwa kiki. Pistoni ikapanda ikaukanyaga. Nikautoa nikaupima umebaki na unene gani, maana huo ndio unaokwambia nafasi iliyosalia.

"Bado?" akauliza.

"Bado."

Nikakata tena. Tukapima tena. Ukizidisha, pistoni itagonga hedi na kila kitu kitavunjika siku hiyo hiyo, kwa hiyo sikuwa na haraka, na baba hakunihimiza. Katikati ya kazi, mashine ikizunguka, alianza kuzungumza. Ilibidi nisogee kumsikia.

"Mara ya kwanza kumpakia mama yenu ndiyo kwanza nimepewa pikipiki. Nilikuwa najivuna nayo. Tukafika chini ya kilima nikaona haitatupandisha. Nikaona aibu kumwambia shuka. Nikawa nazungusha maneno. Akashuka mwenyewe. Akasema anataka kunyoosha miguu." Akasugua viganja. "Nikadhani ni siku ile tu. Sijawahi kumwambia shuka, mayu. Hata siku moja. Yeye alikuwa anashuka tu."

Nilipofikia kipimo nilichokitaka, nilizima mashine nikapitisha kidole juu ya ule uso. Ulikuwa safi, unaonyesha sura yangu kwa ukungu. Tukaifunga na gasketi mpya. Nilimbadilishia plagi, nikaweka inayopoa upesi zaidi, nikaongeza kidogo petroli kwenye kabureta ili isije ikaungua kwa ukavu, nikachelewesha kidogo moto wa plagi. Baba akapiga kiki. Kiki ikamrudi ikampiga ugokoni, ngumu kama teke la ndama. Aliushika mguu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya daktari.

Sauti ya injini ilikuwa nyingine. Ilikuwa kavu na ya karibu, kama mtu anayeongea huku amekaza meno.

"Tia petroli ya kituoni tu," nikamwambia. "Usitie ya chupa za njiani, ina mafuta ya taa ndani. Ukisikia inagonga kama punje za mahindi zinazomwagikia bati, punguza mwendo papo hapo. Na ukifika juu ya kilima uizime, ipoe."

"Huwa naizima," alisema.

Siku ya kliniki niliomba ruhusa nikaenda kuona kazi yangu. Asubuhi haikuwa na shida, kwa sababu kutoka nyumbani kwenda Ushirombo unakiteremka kilima. Wakati wa kurudi niliwafuata kwa bodaboda. Baba alikuwa amemfunga mama kwake kwa kitenge kipana, kimezunguka viuno vyao wote wawili, kama mama anavyombeba mtoto, ila hapa anayebebwa ni mkubwa. Mama alikuwa ameweka shavu katikati ya mgongo wake.

Walipofika chini ya kilima mama akaanza kujisogeza kushuka. Ilikuwa mazoea ya maisha yake yote. Baba akamshika mkono uliokuwa kwenye kiuno chake.

"Kaa," akasema.

"Itatushinda, baba."

"Kaa."

Nilimwomba dereva wangu asimame ili niwaangalie. Baba aliingiza gia ya kwanza mapema, akaachia klachi polepole. Wakaanza kupanda. Niliisikia ikiingia kwenye mawe, ikatulia, ikavuta. Wanawake wawili waliokuwa wakiteremka na kuni walisimama kando, wakaweka mikono midomoni. Katikati, pale kwenye korongo kubwa, tairi la nyuma likateleza, likatupa mawe, sauti ikashuka chini kabisa nikadhani imekufa. Nikajikuta nimeinua kisigino changu kutoka ardhini, kana kwamba uzito wangu ndio uliowazuia. Kisha ikashika. Ikapanda na ule moshi wake wa buluu mpaka ikapotea juu, na baada ya muda, kimya.

Nilipowafikia walikuwa wamekaa juu ya jiwe ambapo baba alikuwa akimsubiria mama miaka yote. Pikipiki ilikuwa inapoa kando, inatoa mlio ule wa chuma chenye joto. Mama alikuwa anahema lakini si sana. Hakuwa ameniona. Alikuwa anatazama chini kule tulikotoka. Miaka yote alipofika hapa alipanda pikipiki na kuondoka, hakuwahi kukaa.

"Kumbe ukiwa hapa unaniona njia nzima," akasema.

"Njia nzima."

"Hata nikikaa kule chini kwenye kona?"

"Hata ukikaa."

Kisha akauliza, "Na siku zile za mtoto?"

Nilijua ni siku zipi. Kabla ya mdogo wangu wa mwisho kulikuwa na mwingine aliyekufa kwa degedege kabla hajaanza kutembea. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba nyumbani mama hakulia. Watu walimsifu kwa hilo.

"Nilikuona," baba akasema.

"Nilikuwa nalilia pale. Nilijua niko peke yangu."

"Nilikuona kila siku."

"Hukusema."

"Ningesema nini?"

Mama akaweka mkono wake juu ya goti la baba, akauacha pale. Mimi nilichuchumaa kwenye pikipiki nikaanza kuzikaza nati ambazo hazikuwa zimelegea.

Baada ya hapo walienda kliniki kwa namna hiyo msimu wote wa kiangazi na wa mvua za kwanza. Mama aliipenda ile safari. Alisema anaona vitu ambavyo hakuwahi kuviona, kwa sababu akipanda kwa miguu macho yalikuwa chini kwenye mawe. Aliwapungia watu. Wanawake wa kijiji walimtania kwamba siku hizi amekuwa bibi harusi, naye aliwajibu, "Wabeja," yaani asante, kana kwamba amepewa zawadi. Baba aliitunza injini kama mgonjwa wa pili. Aliisikiliza. Alibeba petroli yake mwenyewe kutoka kituoni. Kila wakifika juu aliizima, na wakakaa.

Lakini ugonjwa uliendelea na kazi yake. Mama akawa halali tena chali, analala ameegemea mito. Kijiko cha uji kilimchosha. Mwishoni nilichukua likizo ndefu nikarudi nyumbani, na mama mdogo, ndugu yake wa kuzaliwa, akaja kukaa nasi.

Siku ya kliniki ya mwisho alikuwa amepungua kiasi kwamba baba alimbeba kutoka kitandani. Nilisaidia kufunga kitenge. Nilitaka kwenda nao, mama akakataa, akasema nyumba haiachwi bila mtu. Aliniambia nisisahau kuwafungulia kuku. Ndilo neno la mwisho aliloniambia. Nimelitafuta lingine na halipo.

Mchana mimi na mama mdogo tulikuwa uani tunachambua maharage. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa kilima. Nikaisikia pikipiki ikianza kupanda.

Injini niliyoikata mwenyewe naijua sauti yake. Ikiwa na watu wawili inaanza na gia ya kwanza tangu chini, inatoa sauti nzito, na kwenye korongo inanung'unika kabla ya kuendelea. Siku ile ilipanda kwa gia ya pili. Sauti ilikuwa nyembamba, nyepesi, haikunung'unika popote. Ilikuja juu kama haikubeba kitu. Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo.

Mama mdogo hajui injini, lakini alikuwa ameshazoea kama sisi wote kwamba ikifika juu huwa kimya. Alinyanyua kichwa.

"Mbona hajazima?"

"Labda wamemlaza," nikasema. "Labda amekuja kuchukua shuka."

Hakuniamini, na mimi sikujiamini. Tulikaa hivyo, maharage mapajani, tukiisikiliza ikija moja kwa moja. Baba aliingia uani, akaiegesha, akasimama karibu nayo. Kile kitenge alikuwa amejifunga kifuani, fundo mbele.

"Mama yenu amepumzika," akasema.

Mama mdogo alilia kwa sauti na majirani wakaanza kuja. Baadaye, tulipokuwa tumekaa, baba alinieleza. Walifika salama. Walikaa kwenye benchi la nje wakisubiri kuitwa, watu walikuwa wengi. Mama akamwegemea begani. Alipumua vizuri, vizuri kuliko siku zote, baba akadhani amepata usingizi, maana siku nyingi mama alikuwa hajalala. Mtu aliyekaa jirani alipotaka kuongea baba alimwashiria anyamaze. Jina lilipoitwa, muuguzi akaja mwenyewe, akamgusa mama shingoni, akamtazama baba.

"Nilimwacha asinzie," baba aliniambia. Alilirudia neno hilo kwa watu wengi waliokuja msibani, wengine wageni kabisa.

Kesho yake mwili uliletwa na gari la parokia, pikapu. Wanaume wa jumuiya walikuwa wamepanda nyuma pamoja na jeneza, na chini ya kilima dereva akaomba wateremke, gari liwe jepesi. Waliteremka wote. Baba alikuwa amekaa mbele na dereva, hakuna aliyemwomba ashuke, naye alifungua mlango akashuka. Alipanda kilima kwa miguu nyuma ya gari. Mimi nilikuwa nimekuja kuwapokea, nikatembea naye. Mara mbili alisimama kupumua. Hakutaka kushikwa mkono. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na yule mtoto, na mvua ikasubiri mpaka tukamaliza.

Niliporudi Kahama baba alibaki na kaka yangu mkubwa. Baada ya arobaini alinijia karakana tena. Nilimwona amekonda. Alisema pikipiki imekuwa na nguvu mno. Akiwa peke yake inaruka, akigusa mafuta tu iko juu ya kilima, na kule juu hana sababu ya kusimama. Akauliza kama naweza kuirudisha ilivyokuwa.

"Alumini niliyoikata siwezi kuirudisha," nikasema. "Naweza kukukatia gasketi nene ya shaba. Itainua hedi, italegea."

Nilikwenda nikachukua bamba la shaba nikamwonyesha. Aliligeuza mkononi, akalirudisha mezani.

"Basi, acha," akasema. "Wewe uliikata vizuri."

Haikudumu, kama nilivyomwambia. Kiangazi kilichofuata aliitwa kumwona ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, njiani ikagonga, akapunguza mwendo, lakini ilikuwa imeshachelewa. Pistoni ilitoboka katikati. Kaka aliniambia baba aliisukuma njia yote, akaiegesha ukutani, akaosha mikono, akaomba chakula. Hakulalamika. Niliahidi kumtafutia pistoni. Zimekuwa adimu, na ukweli ni kwamba hakuniuliza tena.

Mwaka huu amekuja kukaa nami Nyahanga. Kaka ana nyumba iliyojaa watoto, na baba alisema anataka utulivu, ingawa hapa kwetu makarasha yanasaga kutwa. Asubuhi ananisindikiza hadi karakana, anakaa kwenye benchi la wateja, anasoma gazeti la zamani. Jumapili tunakwenda misa pamoja. Haongei sana kuhusu mama. Mimi ndiye ninayemwongelea, naye husikiliza kama anayesubiri nifike mahali fulani.

Juzi nilirudi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka sokoni, nikaichemsha, nikamwekea na karanga. Alionja, akatafuna taratibu.

"Si hivi," akasema.

"Mama alikuwa anaweka nini?"

Aliinuka, akaenda jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akisimama maisha yangu yote. Aliuliza maziwa yako wapi. Aliponda karanga zile upya kwa chini ya kikombe, akazikoroga kwenye maziwa kidogo, akatia chumvi kwa ncha za vidole, akamwagia juu ya michembe ikiwa bado ya moto. Akamwaga kidogo mezani, akafuta kwa kitambaa. Kisha akakaa, akanisogezea sahani.

Ilikuwa karibu, lakini haikuwa ile. Wote wawili tulijua. Tuliila yote.